Kabla Hujanunua Beko

Ukipata tenda yako ya kwanza, pepo wa kununua mashine atakupanda. Alinipanda na mimi. Nilikuwa na cheti cha NCA8, ngazi ya chini kabisa ya makandarasi kwenye Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na kazi ya kuchimba mitaro hapa Malindi. Nikaona aibu kukodi kwa mtu yule yule kila wiki, nikachukua beko kuukuu, ile mashine ya magurudumu ya kuchimbia, kwa mkopo.

Kazi ikaisha kwa miezi miwili. Malipo yakachelewa, masika yakaingia, beko ikalala uani chini ya mwarobaini. Mlinzi anataka chake, benki inataka chake. Na upepo wa chumvi haubagui mashine inayofanya kazi na iliyolala. Nilipoiwasha tena, zile fimbo za haidroliki zinazosukuma mkono wa mashine, zinazong'aa kama kioo, zilikuwa zimeota vidoa vya kutu, na kila zikiingia na kutoka zinakwaruza sili, mipira inayozuia mafuta yasivuje. Siku ya tatu mafuta yanachuruzika hadi kwenye tairi. Sili zikafuatwa Mombasa, kilomita 120, huku vibarua wamekaa kivulini na siku yao inahesabika.

Hapo ndipo nilipojifunza kupiga hesabu kwa saa. Tuseme umenunua kwa milioni 4, na baada ya miaka 4 utaiuza milioni 1.6. Imekula milioni 2.4, yaani 600,000 kila mwaka hata ikikaa tu. Weka riba, bima na mlinzi, tuseme 300,000. Ikifanya kazi saa 900 kwa mwaka, kila saa imekugharimu shilingi 1,000 kabla ya dizeli, opereta na spea. Ikifanya saa 200, ni 4,500. Mashine ni ile ile! Kwa hivyo kaa na daftari la kazi zako za mwaka uliopita, uhesabu saa ulizochimba kweli, si zile unazoziota.

Na ukishaamua kununua kuukuu, usiiamini peke yake mita inayohesabu saa ilizofanya kazi. Tazama pedali. Mita ikisema saa 3,000 na mpira wa pedali umelika hadi chuma kinang'aa, huenda mita imechezewa. Kisha mwambie opereta ainue mkono, wewe utazame pini na bushi, pale mkono unapoungana na ndoo: ndoo ikicheza kama jino bovu, nenda zako.

Kukodi nako kuna mitego. Ulizia kama bei ina dizeli na opereta ndani, maana mwenye bei ya chini mara nyingi anakupa mashine kavu. Ulizia kima cha chini cha saa unazolipia kwa siku hata mvua ikinyesha, na ikiharibika saiti nani anabeba hasara ya siku hiyo. Yaandikwe. Beko itajiendea kwa magurudumu yake, lakini mashine ya minyororo inataka lobedi, trela la kubebea mashine, na kwa kazi ya siku mbili nauli ya lobedi yaweza kupita kodi yenyewe.

Kazi za Lamu ni hesabu nyingine. Barabara inaishia Mokowe; kisiwani mashine inavuka kwa maji, na mto Tana ukifurika huko Gamba njia yenyewe inakatika, mashine ya watu imekwama upande wa pili na kodi inaendelea. Ndani ya mji wa kale usijisumbue: vile vichochoro ni vya punda na mkokoteni.

Kuna tenda zinazodai uonyeshe mashine. Usiogope, soma masharti vizuri, mara nyingi mkataba wa kukodi unakubalika.

Mimi beko niliiuza kwa hasara. Ninavyomiliki leo ni miksa mbili za zege, vaibreta ya kutikisia zege na kompakta ya kushindilia udongo, vitu vinavyofanya kazi karibu kila siku na vinaingia kwenye pikapu. Beko nakodi kwa yule yule niliyekuwa namwonea aibu. Nikimpigia jioni, saa moja asubuhi iko saiti, na ikipasuka paipu ni yeye anayehangaika na Mombasa.