Barua kwa mwanangu: Wanaponyamaza ukishika gitaa

Mwanga, Kigoma

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Huku tu wazima. Mgongo wa baba yako umetulia kidogo, na dagaa wamerudi sokoni kwa kuwa mbalamwezi imekwisha na wavuvi wameingia ziwani tena.

Swali lako la juzi limenikaa kichwani. Uliniuliza: "Mama, kodi zote ninazo, kuchezesha vidole nimejifunza, lakini nikiongoza sifa hapa Urambo watu wananitazama badala ya kuimba. Nakosea wapi?" Salio likakatika kabla sijakujibu, na ni afadhali, maana nilitaka kwanza nisikilize vizuri ile sauti uliyonitumia WhatsApp. Nimeisikiliza mara nne, mara ya mwisho nikiwa nachambua mchele.

Kodi, zile noti unazozipiga pamoja kwa mkupuo, hukosei. (Baba yako alisikia "kodi" akauliza kama mwenye nyumba wako amepandisha tena.) Shida ni kwamba umechagua kila kitu kwa ajili ya vidole vyako, na wanaoimba ni watu wengine.

Tuanze na kii, yaani noti unayoiweka do ya wimbo. Wimbo ule umeupiga D kwa sababu kwenye video uliyojifunzia ulipigwa D. Nimeuimba kwa do-re-mi hapa jikoni: unaanzia do, na kwenye kiitikio unapanda hadi mi ya juu. Do ikiwa D, ile mi inakuwa F shapu ya juu. Wewe una miaka 26 na koo lako ni jipya. Sasa mfikirie mama wa miaka 60, saa tatu asubuhi, ametembea kutoka shambani, hata chai hajanywa. Huko hafiki. Na kwa kuwa hataki kupiga kelele kanisani, atafunga mdomo na kukutazama.

Chukua kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni mwa gitaa, ibane kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vya shingoni), halafu piga kwa maumbo yale yale ya G unayoyapenda. Kila freti inapandisha nusu toni, kwa hiyo G yako imekuwa B flati. Hiyo ndiyo do yako sasa, iko chini ya ile D uliyoanzia, na ile mi ya kiitikio imeshuka hadi D ya juu. Hapo akina mama wanafika, na wanaume wanaimba oktava moja chini yao bila kujikamua. Kabla ya kuamua kii ya wimbo wowote, tafuta kwanza noti yake ya juu kabisa. Ikivuka hiyo D, shusha. Mimi nilipiga miaka mingi kabla sijalijua hili, nikidhani waumini wetu ni wavivu.

La pili ni zito zaidi, nalo liko mkono wa kulia. Kwenye ile sauti yako, kila mstari ukiisha unaingiza kijisolo. Ni vizuri, sikatai, kile cha ubeti wa pili nimekirudia kwa raha. Lakini pale ndipo watu wanapovuta pumzi ili waingie mstari unaofuata. Wakisikia gitaa linaongea wanangoja limalize, ndivyo tulivyolelewa, mtu akisema humkatizi. Wakija kuingia umeshabadilisha kodi. Baada ya mara mbili tatu hivi wanakata tamaa na kugeuka wasikilizaji. Ule ukimya uliokuudhi, mwanangu, ni adabu yao.

Mkono wenyewe pia unasita. Unakumbuka mitumbwi midogo ya Kibirizi? Kasia likitoka majini halisimami hewani. Linarudi mbele na kuzama tena kwa mwendo ule ule, na mtumbwi unateleza. Mkono wako ufanye hivyo: ushuke na kupanda bila kukoma, uguse nyuzi usiguse. Piga "chini, chini-juu, juu-chini-juu". Kati ya zile "juu" mbili zinazofuatana kuna pigo la tatu, ambapo mkono unashuka mtupu bila kugusa kitu. Wewe hapo unausimamisha, nimekusikia, kisha unakimbia kulipa deni, na wapiga makofi wanapotea. Fanya zoezi nyuzi zikiwa zimezibwa na kiganja cha kushoto, cha-cha-cha tu, dakika kumi kila jioni, huku unaimba. Jirani akilalamika mpe asali ya huko kwenu.

Tenzi za mapigo matatu usizipige kwa mtindo huo hata siku moja. Kwa hizo, gumba liguse uzi wa besi, kisha mapigo mawili mepesi kwenye nyuzi nyembamba: pum-cha-cha. Besi ya G iko uzi wa sita, ya C wa tano, ya D wa nne. Ukiikosa besi, wimbo unaelea.

Kuhusu kuchezesha vidole wakati wa maombi, mimi nilifundishwa na mjomba wangu marehemu, aliyevuka ziwa kutoka Kalemie na gitaa lililofungwa kwenye shuka. Alitumia gumba na kidole cha shahada, basi. Ndivyo alivyopiga pia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanya muziki wa Afrika, mwaka 1952, na ukimsikiliza utaapa kwamba ni watu wawili. Kwa hiyo usijisumbue na vidole vinne kama viwili havijakaa sawa. Gumba litembee kama saa ya ukutani, shahada ijibu. Mchungaji akianza kuomba, shusha sauti mpaka usikie pumzi za watu.

Gitaa lako ni la nyuzi za nailoni, usije ukalifunga za chuma kwa kusikia zina sauti kali. Za chuma huvuta karibu mara mbili, na mbao za gitaa hilo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Mimi nilifanya hivyo nikiwa bado msichana. Muuzaji mmoja sokoni aliniambia nyuzi ni nyuzi. Wiki ya kwanza niliona daraja, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, limeinuka kidogo, uwazi wa kuingiza ukucha, nikanyamaza. Jumapili ya pili, katikati ya wimbo wa sadaka, lilibanduka lote na mlio kama wa risasi, nyuzi zikanirukia usoni, watoto wa mbele wakalia. Alama niliyonayo chini ya jicho, ambayo mlikuwa mkiuliza mkiwa wadogo nikisema ni mwiba, ni hiyo.

Kiangazi cha huko ni kikavu kuliko huku ziwani, mbao hupasuka. Lifungie kwenye mfuko wake, mbali na dirisha. Kutuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, maliza kabla ibada haijaanza.

Ulinikumbusha Zaburi 33:3, kwamba tumeagizwa kupiga kwa ustadi. Ni kweli. Ila mstari huo huo unaanza na kuimba na unamalizikia kwenye shangwe, na shangwe ni ya wote waliomo ndani. Jumapili hii jaribu kitu kimoja: kiitikio cha mwisho, weka kiganja juu ya nyuzi uzizime, kisha imba nao bila gitaa. Kama umewapa kii yao, utashangaa.

Nimempa mama mmoja wa kanisani anayepanda treni kifurushi chako: kapo yangu ya zamani (chemchemi yake ni ngumu, ibonyeze kwa nguvu), seti mbili za nyuzi za nailoni, dagaa na chupa ya mawese niliyoifunga nailoni tatu. Kampokee stesheni, asikungoje na jua lile. Na kucha za mkono wa kushoto uzikate, hata kama rangi ni mpya. Nimezisikia zikigonga mbao kwenye ile sauti.

Mama yako