Simbilisi na sahani yake: maswali na majibu

Barua nyingi safari hii ni za wafugaji wa simbilisi, mnyama mdogo mla majani ambaye wenzetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, humwita dende. Tumechagua zile zinazouliza kuhusu chakula.

Wawili wangu nawapa pumba na chakula cha kuku kinachobaki. Siku hizi wanajikunyata na kuchechemea. Wana nini? (Msomaji, Moshi)

Dalili hizo zinafanana sana na upungufu wa vitamini C. Simbilisi ni kama binadamu: mwili wake hauwezi kuitengeneza, hivyo lazima aile kila siku, miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye mimba anahitaji zaidi. Akiikosa kwa wiki mbili tatu, viungo huvimba, fizi hutoka damu, manyoya hukakamaa, na ukimshika analia kwa maumivu.

Pumba haitampa vitamini hiyo. Chakula cha kuku ni hatari zaidi, maana kingine huchanganywa dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo) ambazo kuku anazistahimili lakini simbilisi zinaweza kumuua. Acha vyote viwili leo, na uwapeleke kwa daktari wa mifugo. Aliyefikia kuchechemea anahitaji vitamini kwa kipimo cha daktari. Mboga peke yake itachelewa.

Mboga gani basi, na kiasi gani?

Anza na hoho. Robo ya hoho ya kijani ya wastani, kama gramu 30, ina zaidi ya miligramu 20 za vitamini C, na hiyo inamtosha simbilisi mzima wa kilo moja. Nyekundu inazo nyingi zaidi. Ongeza jani la sukuma wiki, matembele kidogo au giligilani, mpaka mboga za siku zijae kikombe cha chai. Pera linaishinda hoho kwa vitamini C, ila lina sukari: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara moja au mbili kwa wiki. Karoti vivyo hivyo. Mchicha usiwe wa kila siku kwa sababu ya oksalati, ambayo huchangia mawe kwenye kibofu. Kabichi nyingi humjaza gesi.

Matone ya vitamini kwenye maji ya kunywa hatuyapendekezi. Huharibika haraka, na maji yakibadilika ladha mnyama anaweza kuyasusa.

Shikamoni. Mama anasema simbilisi anashiba kwa mboga tu, majani makavu ni ya ng'ombe. Ni kweli? (Mwanafunzi wa darasa la sita, Iringa)

Marahaba. Mwambie mama taratibu kwamba kwa simbilisi mboga ni kitoweo. Ugali wake ni majani. Meno yake yote 20 hukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni nyuzi ngumu za nyasi. Zikikosekana, magego ya chini hurefuka, huinamia ndani na kuubana ulimi. Hapo utamwona anadondosha mate na kukonda huku bakuli limejaa.

Kwa hiyo hei, yaani hayo majani makavu, iwepo usiku na mchana. Mnaweza kuikausha wenyewe: kateni nyasi kabla hazijachanua, mzitandaze kivulini penye upepo, mzigeuze asubuhi na jioni kwa siku tatu hivi. Kisha vunja shina moja. Likikatika kwa mlio, limekauka, likipinda, bado. Hei iliyohifadhiwa ikiwa bado inapinda huota ukungu, na yenye ukungu ni ya kutupa, hata kuikung'uta hakusaidii. Msichukue nyasi zilizopondwa na mashine ya kukatia bustani, huchacha haraka na kumvimbisha tumbo.

Lusini (jani la malisho la jamii ya kunde) je?

Kwa watoto wa chini ya miezi sita, wenye mimba na wanaonyonyesha, sawa. Kwa mzima kalisi (kalsiamu) yake ni nyingi mno.

Vidonge vya sungura vinafaa?

Havina vitamini C ya kumtosha. Ukipata vya simbilisi, vijiko viwili vya chakula kwa siku vinatosha. Angalia tarehe ya kutengenezwa, kwani vitamini C hupungua gunia likikaa dukani.

Kipi nisimpe kabisa?

Parachichi, vitunguu vya aina zote, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, kisamvu kibichi, maharage makavu. Nyasi za kando ya shamba lililopigwa dawa ziache pia.

Hajala tangu jana, ila yuko macho. Nisubiri?

Usisubiri. Utumbo wa simbilisi ukikaa bila chakula kwa nusu siku huanza kusimama, na kuuamsha tena ni kazi. Mpeleke leo. Usimpe amoksilini iliyobaki kabatini: dawa za jamii ya penisilini huua bakteria wanaomsaidia kumeng'enya majani, na kuhara kunakofuata humuua. Akipona, mpime kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni. Akipungua gramu 50 kwa wiki moja, mrudishe kwa daktari hata kama anaonekana mchangamfu.