Maswali ya Wasomaji: Vijito Wanavyopanda Mbasa na Ramani Isiyokuwapo

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji kimoja wilayani Kyela. Kijijini kwetu kuna kijito kinachoingia Mto Mbaka, na wazee wetu wanatuambia kwamba mbasa hupanda humo wakati wa mvua. Mwaka huu alikuja mkandarasi mmoja akitaka kuchimba changarawe kitandani mwa kijito hicho. Tulipopinga, tulijibiwa kuwa hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba humo mna samaki. Nimesikia kuwa huko Alaska, Marekani, kila kijito anachopita samaki aina ya samoni kimechorwa kwenye ramani na kinalindwa na sheria. Je, sisi tunaweza kufanya hivyo kwa mbasa? Tuanzie wapi?
Msomaji, Kyela

JIBU: Ulichosikia ni kweli, isipokuwa jambo moja kubwa. Alaska ina orodha rasmi ya mito, maziwa na vijito ambavyo ni muhimu kwa samaki wanaotoka baharini kwenda kutaga katika maji yasiyo na chumvi, ikiambatana na ramani zake, na orodha hiyo hurekebishwa kila mwaka na idara ya serikali inayosimamia samaki na wanyamapori. Mahali palipoorodheshwa, mtu hawezi kuchepusha maji, kuziba njia, kuchafua wala kuvuruga kitanda cha mto bila kupata kwanza kibali cha idara hiyo. Hata hivyo, mito, vijito na maziwa yaliyokwisha kuandikwa ni takriban 20,000, na idara yenyewe inakadiria kuwa hiyo haifiki nusu ya maji yote ambayo samaki hao huyatumia. Kwa hiyo hata huko, kwenye wataalamu wengi, helikopta na fedha, vijito vingi bado havijaandikwa, na kijito kisichoandikwa hukosa ulinzi huo mpaka mtu afike na ushahidi.

Kinachonivutia zaidi katika utaratibu wao ni kwamba mwananchi yeyote anaruhusiwa kupendekeza kijito kiingizwe katika orodha. Hatakiwi kuwa na shahada. Anatakiwa kuwa na uthibitisho unaoweza kukaguliwa, yaani ni samaki gani aliyeonekana, wapi, tarehe gani, na alikuwa katika hatua gani ya maisha. Hayo manne kamati yenu inaweza kuyakusanya bila kusubiri mradi wowote kutoka nje.

Mbasa anastahili kazi hiyo. Samaki huyu, ambaye wanasayansi humwita Opsaridium microlepis na majirani zetu wa Malawi humwita mpasa, ni wa Ziwa Nyasa na mito yake tu, na hakuna bahari wala ziwa jingine la kutuletea mbegu endapo tutampoteza. Hukua ziwani, kisha mito inapojaa hupanda kwenda kutafuta maji yanayokwenda kasi juu ya changarawe safi, na hapo ndipo hutaga. Mayai hushuka katikati ya mawe madogo, ambamo maji yenye hewa ya kutosha hupenya na kuyafikia. Tope linaloporomoka kutoka mashamba ya kingoni likiziba nafasi hizo, mayai hufa kwa kukosa hewa. Na changarawe yenyewe ikichotwa na kupakiwa kwenye lori, kinachoondoka ni kiota. Ndiyo maana nalichukulia suala la mkandarasi wenu kuwa zito kuliko linavyosikika, kwa sababu kitu anachotaka kukichukua ndicho hasa mbasa anachokipandia mtoni. Wamalawi wamekwisha kuyaona matokeo yake kwa samaki mwingine apandaye mito kutaga, ntchila, ambaye zamani alivuliwa kwa wingi na leo ni adimu sana, baada ya nyavu kutegwa kwenye milango ya mito na mazalia yake kuharibiwa.

Sasa nije kwenye namna ya kuanza. Kwanza kaeni na wazee, hasa wale waliovua kwa migono na wanawake wanaochota maji asubuhi, mkiwauliza kijito kwa kijito: mbasa alionekana wapi kwa mara ya mwisho, mwezi gani, na alifika hadi wapi. Masimulizi haya hayatoshi kuwa ushahidi, lakini yatawaonyesha pa kwenda na wakati wa kwenda, na bila hayo mtatembea kingo nyingi bure. Baada ya hapo nendeni mtoni wenyewe wakati mvua zimechanganya, kwa uangalifu, kwa maana mito ya Kyela hufurika ghafla. Anayekwenda kukagua kijito wakati wa kiangazi, akakuta madimbwi, kisha akaandika kwamba hakuna samaki, amekagua msimu, hakukagua kijito. Na yaliyo sahihi kwa msimu ni sahihi kwa idadi ya safari: samaki mmoja aliyeonekana na kupigwa picha huthibitisha kuwa wapo, lakini safari moja bila kuona samaki haithibitishi kuwa hawapo. Ili kusema hawapo, lazima mrudi mara kadhaa, katika miezi inayofaa, kwa zaidi ya msimu mmoja.

Kila mnapomwona, simu ya kawaida yenye ramani itawapa viwianishi, yaani namba zinazotambulisha mahali, vya hapo mliposimama; viandikeni papo hapo pamoja na tarehe, hali ya maji na kile samaki alichokuwa akifanya. Mpigeni picha ya ubavuni akiwa kando ya rula, kwa kuwa mbasa hufanana sana na ndugu yake ambaye Wamalawi humwita sanjika, na wataalamu huwatenganisha kwa mambo kama ukubwa wa magamba, ambayo kwa mbasa ni madogo zaidi. Msiwapuuze vifaranga. Huko Alaska, vifaranga vya samoni aina ya coho hukaa mwaka mmoja au zaidi katika vijito vyembamba na vinamasi ambavyo mtu mzima angeviruka kwa hatua moja, na vijito vingi vya namna hiyo visingeingia kwenye orodha kama wakaguzi wangetafuta samaki wakubwa peke yao. Wao hutumia mitego midogo yenye chambo, na siku hizi huchota hata maji ya mto na kuyapima maabara ili kuona kama yana chembe za vinasaba vya samaki. Ninyi mnaweza kutumia kimia cha mkono chenye matundu madogo, baada ya kumwarifu afisa uvuvi wa wilaya, na vifaranga mkavirudisha majini vikiwa hai.

Kuna kosa la uchoraji ambalo nawaomba mlikwepe tangu mwanzo. Mstari mnaouchora utaishia mahali fulani, na kila atakayeusoma atadhani kuwa hapo ndipo samaki anapoishia, kumbe pengine hapo ndipo miguu ya mkaguzi ilipochoka au giza lilipoingia. Kwa hiyo penye mwisho wa mstari andikeni sababu: maporomoko makubwa, banio la umwagiliaji, kalavati lililoning'inia juu ya maji, au kwamba ukaguzi uliishia hapo tu. Banio na kalavati ni habari muhimu kuliko maporomoko, kwa sababu hivyo vilijengwa na binadamu, na mhandisi anaweza kuvirekebisha ili samaki apite.

Ramani ikiwa tayari, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine ipelekwe kwa afisa uvuvi, nyingine kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) kilichopo huko huko Kyela, na nyingine Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye makao Tukuyu. Lakini yale maeneo hasa ambayo mbasa hutaga, nashauri yasibandikwe ukutani wala kusambazwa kwenye makundi ya simu. Wapo watakaoyasoma ili kujua pa kutega nyavu usiku. Na kwa upande wa pili wa Mto Songwe, ambao ni mpaka wetu na Malawi, ramani ya upande mmoja itakuwa nusu ramani, kwa kuwa mbasa huvuka mpaka huo bila kujua kama upo.

Kuhusu mkandarasi, msisubiri ramani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na katazo hilo halingoji samaki athibitishwe. Andikeni barua leo kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa Bodi ya Maji, mkiambatisha muhtasari wa kikao cha kijiji.

SWALI: Kwa kuwa maji ya Mto Kiwira ni ya baridi na trauti waliopandikizwa enzi za ukoloni waliishi humo, kwa nini tusilete na samoni tukamfuga mtoni?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Nakusihi wazo hilo uliache. Ni kweli kwamba trauti ni jamaa wa karibu wa samoni, na ni kweli pia kwamba Wamarekani walimpandikiza samoni katika Ziwa Michigan miaka ya 1960 naye akaishi bila kuiona bahari. Lakini lile ni ziwa la nchi ya barafu, ilhali maji ya juu ya Ziwa Nyasa hubaki na joto la zaidi ya nyuzi 20 mwaka mzima, ambalo samoni hawezi kukulia. Hata kama angeweza, Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, na wengi wao hawapatikani mahali pengine. Kumwachia humo mgeni mla samaki ni hatari ambayo hakuna faida ya kibiashara inayoweza kuifidia. Samaki wetu anayepanda mto tayari tunaye.

SWALI: Nimesoma habari za mbasa, lakini mito yetu ya Iringa haiendi Ziwa Nyasa. Je, huku kuna samaki wa kuhama wa kuchorewa ramani?
Msomaji, Iringa

JIBU: Wapo, na mmoja wao husafiri kuliko mbasa. Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, na maji hayo hufika Bahari ya Hindi kupitia Mto Rufiji. Katika njia hiyo hupita mkunga wa mtoni, ambaye mwendo wake ni kinyume cha samoni: huzaliwa baharini, hupanda mito akiwa mdogo mwembamba kama uzi, huishi bara kwa miaka mingi, kisha hushuka tena baharini kutaga mara moja na kufa. Mabwawa ya Kidatu na Mtera yamesimama katika safari hiyo tangu miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukimwona mkunga juu ya Mtera, hiyo ni habari ya kuandikwa kwa uangalifu mkubwa. Yupo pia kambale, ambaye mvua za kwanza zikinyesha hutoka kwenye mkondo mkuu na kuingia mbugani palipofurika ili atage. Safari yake ni fupi, lakini hukatizwa kirahisi na tuta la shamba. Na tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, kwa hiyo ramani yenu inapaswa kuonyesha pia madimbwi yanayobaki na maji, kwa maana humo ndimo samaki wa msimu ujao wanamojihifadhi.

Usiseme kuwa ni mapema mno kuanza. Kule Kihansi, katika milima ya Udzungwa, chura mdogo asiyeishi popote pengine duniani aligunduliwa mwaka 1996, wakati kazi ya mradi wa umeme ilikwisha kuanza. Maji ya maporomoko yalipochepushwa makazi yake yakakauka, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, akibaki katika vizimba vya kumfugia. Laiti bonde lile lingekaguliwa kabla ya mchoro wa bwawa, mazungumzo yangekuwa mengine. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake hapo Iringa mjini. Anza kwa kuwauliza ni mabwawa na mabanio gani mapya yaliyoombewa kibali katika mto wenu, kisha nenda ukakague sehemu hizo kwanza, mvua za mwaka huu zitakapoanza.