Betri Imekufa, au Imeishiwa Chaji Tu?

*Asubuhi starta inazunguka kwa kujivuta, mchana gari linawaka vizuri. Ninunue betri mpya?*

Usinunue kabla hujapima. Betri iliyochoka hufanya hivyo, lakini hata teminali iliyolegea au iliyoota unga mweupe au wa kijani huleta dalili hiyohiyo. Zisafishe kwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea, zipige brashi ya waya, kaza, kisha jaribu tena.

Kama hali ni ileile, tafuta multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Gari lilale limezimwa usiku kucha. Ukikosa muda huo, washa taa kubwa kwa dakika 2 injini ikiwa imezimwa, zizime, subiri dakika chache; bila hivyo betri iliyotoka kuchajiwa itakuonyesha namba nzuri za uongo. Weka multimita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki robo.

Hapa ndipo wengi wanapotupa betri nzima. Namba hizo zinaonyesha chaji iliyomo tu, hazisemi kama betri bado ina nguvu. Kwa hiyo ichaji kwa chaja mpaka ijae, iache ipumzike, pima tena. Ikikaa kwenye 10.5 hivi hata baada ya kuchajiwa, seli moja kati ya sita imekufa, na hiyo haitengenezeki. Ikikaa kwenye 12.6, mwambie mtu apige starta huku ukitazama multimita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, imechoka kweli, ingawa kwenye baridi kali hata nzima inaweza kushuka zaidi kidogo.

*Nimebadilisha betri, baada ya wiki chache ya pili nayo inaisha. Fundi anasema ni feki.*

Inawezekana, lakini betri mbili kufa kwa kufuatana kunanifanya niitazame gari kwanza. Washa injini, pima tena kwenye betri. Magari mengi husoma kati ya volti 13.8 na 14.7. Ikibaki kwenye 12 na kitu, alterneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji: angalia mkanda, waya zake, kisha alterneta yenyewe. Ikipita 15, rigileta inayodhibiti volti za alterneta imeharibika na betri inapikwa. Baadhi ya magari mapya hupandisha na kushusha chaji kwa kompyuta, kwa hiyo usiihukumu alterneta kwa kipimo kimoja.

Alterneta ikiwa nzima, kuna kitu kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Zima kila kitu, funga gari, fungua waya wa hasi, unganisha multimita kati ya waya huo na teminali ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10. Subiri kompyuta zilale. Nyingine huchukua zaidi ya nusu saa. Kinachobaki kisizidi miliampea 50 hivi. Kikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, na mwizi wako yuko kwenye laini hiyo. Mara nyingi huwa redio au king'ora kilichofungwa baadaye, au taa ya buti isiyozimika. Multimita ikiwa imeunganishwa hivyo usipige starta: utaunguza fyuzi yake.

*Nikibusti kwa gari lingine linawaka mara moja. Si ina maana betri yangu ni nzima?*

Hapana. Ina maana starta ni nzima.

*Betri imevimba pembeni na inanuka kama yai bovu. Niendelee nayo kwa muda?*

Hata siku moja usiendelee nayo. Usiibusti, usiichaji, na usisogeze moto wala sigara: betri hutoa haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Chanzo cha kawaida ni kuchajiwa kupita kiasi, kwa hiyo pima alterneta kabla ya kuweka mpya, au utaivimbisha nayo.

*Yangu ina vifuniko vya kujazia. Maji ya bomba yanafaa?*

Hayafai, madini yake huharibu sahani za risasi zilizo ndani ya betri. Tumia maji yaliyotoneshwa (distilled water), si asidi. Sahani zikiwa wazi, zifunike kidogo tu kabla ya kuchaji, kisha ujaze hadi alama baada ya kuchaji. Ukiwa na haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa asidi, seli iliyojaa husoma karibu 1.265. Tofauti ya 0.050 kati ya seli moja na nyingine inatosha kuihukumu betri.

*Nikishaamua kubadilisha, niangalie nini?*

Ukubwa wa kasha, upande wa chanya, Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), na ampea za kuwashia zilizoandikwa CCA, visipungue vya ile iliyokuja na gari. Gari linalozima injini lenyewe kwenye foleni linataka AGM au EFB, aina za betri zinazostahimili kuwashwa mara kwa mara, kama lilivyotoka kiwandani. Ya kawaida haitadumu humo. Soma tarehe ya kutengenezwa, maana betri huzeeka hata rafuni. Wakati wa kufungua, anza na hasi. Wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Spana ikigusa bodi unapofungua chanya huku hasi bado imefungwa, umepiga shoti.