Hiyo "au" ndiyo inayonisumbua

Swali la wiki hii linauliza: "Jumuiya ya Wakristo ipo ili kuhubiri au ili kusaidia watu?" Nimekuwa mhazini wa usharika kwa miaka kadhaa, na ugomvi mwingi niliousikia vikaoni umezaliwa na hiyo "au". Wa uinjilisti wanadai fungu lao, wa huduma kwa wahitaji wanadai lao, utadhani ni makanisa mawili yanayogombea kapu moja la sadaka.

Tusome tena Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu bado changa, na tayari yapo manung'uniko: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki, wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wanakataa kuliacha Neno ili wahudumu mezani, lakini hawasemi meza ni jambo dogo. Wanataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kwa kazi ya kugawa chakula! (Laiti kamati zetu zingechaguliwa kwa kipimo hicho.) Tena majina yote saba ni ya Kiyunani, inaelekea upande ulionung'unika ndio uliokabidhiwa mgawo. Mimi ninayeshika ufunguo wa sanduku najua huo ni uamuzi mgumu kiasi gani.

Wengi huishia hapo na kutoka na somo la idara mbili, hawa Neno, wale meza. Wasonge mbele kidogo. Stefano, wa kwanza katika wale saba, anahubiri mpaka anapigwa mawe. Filipo tunamkuta Samaria akimtangaza Kristo, kisha kwenye njia ya Gaza akimfafanulia towashi wa Kushi maneno ya Isaya na kumbatiza. Hao ni watu wa mezani.

Karne moja baadaye hivi, Yustino Mfiadini, mwalimu wa Kikristo wa karne ya pili, alimwandikia Kaisari wa Roma akieleza Wakristo hufanya nini Jumapili: masomo, mahubiri, sala, mkate na kikombe, halafu wenye uwezo hutoa wapendavyo, na kinachokusanywa husaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Yote hayo katika ibada ileile. Sisi tulikuja kuyatenganisha, na hata viongozi wa kiinjili waliokutana Lausanne, Uswisi, mwaka 1974 walitubu kwa maandishi kwa kuona nyakati nyingine kwamba uinjilisti na huduma ya jamii haviwezi kwenda pamoja.

Kuna wanaohofu kwamba kanisa litageuka shirika la misaada lenye kwaya. Hofu hiyo naielewa. Tukimpelekea mgonjwa msaada huku tunaona haya kumwombea, tumemnyima kile ambacho hakuna mwingine aliyetumwa kumpa. Ila sijawahi kuona usharika uliofilisika kwa kuwajali wajane, na nimekaa kwenye kikao kilichotumia saa tatu kujadili spika na zulia, kisha dakika kumi kwa wahitaji kwa sababu watu walikuwa wamechoka.

Siku hizi tumegeuza ajenda. Tunaanza na sala, tunafuata na majina ya wagonjwa, wafiwa na wajane, nani amewatembelea na nani hajaenda. Spika zipo mwisho. Kikao kilichopita hatukuzifikia.