Sauti zimeisha lakini hakumbuki alichotumwa: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu kipimo

Dada, pole sana. Umesema mdogo wako ana mwezi wa nne tangu atoke wodini alikolazwa kwa saikosisi (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo), sauti hizo hazisikii tena, dawa anameza, ila ukimtuma vitu vitatu anarudi na kimoja, na mama anamwita mvivu. Umeuliza kama kuna kipimo cha kumbukumbu, au mkapige picha ya kichwa. Mimi nimeyapitia hayo na mdogo wangu wa kiume, nakujibu kwa niliyoyaona.

Picha ina kazi yake, kwa mfano daktari akishuku uvimbe au jeraha. Lakini haitakuonyesha kwa nini kijana anakaa nusu saa kwenye ukurasa mmoja. Sisi tulichangishana, tukapiga, majibu yakaja safi, na mama akayafanya ushahidi kwamba kijana anadeka. Hela ile inaniuma mpaka leo.

Halafu hospitali tuliyoanzia walimpa ile karatasi ya alama 30, ya kuchora saa na kutaja majina ya wanyama waliochorwa. Akapata 27, tukaambiwa yuko vizuri. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba karatasi hiyo, MoCA, ilitungwa Montreal kwa ajili ya watu, hasa wazee, wanaoanza kupoteza kumbukumbu, na kuanzia 26 unahesabiwa wa kawaida. Mdogo wangu alikuwa na miaka 22 na kidato cha sita alitoka na division one. Kuchora saa kwake si mtihani. Alikuwa ameshuka kutoka juu mpaka katikati, na karatasi ile inamwona aliyefika chini tu.

Aliyetusaidia ni mwanasaikolojia mmoja ambaye, kabla ya kumgusa mgonjwa, aliniagiza nilete ripoti zake za shule. Alisema anataka kumlinganisha na yeye mwenyewe alivyokuwa, maana viwango vya vitabuni vimetoka kwa watu wa nchi nyingine, wenye shule nyingine. Pia alikataa kumpima siku ya kwanza kwa sababu alikuwa hajalala vizuri na dawa zilikuwa zimebadilishwa juzi yake. Tukarudi baada ya wiki tatu.

Alitumia kipimo cha kumbukumbu na kasi ya akili kinachoitwa BACS, alichokitunga Richard Keefe na wenzake Marekani, kikatoka mwaka 2004. Kinachukua kama dakika 35: karatasi, penseli, saa ya kuhesabu sekunde na vipande vidogo vya plastiki. Niliruhusiwa kukaa kwenye kona. Alisomewa maneno 15, akaambiwa arudie anayoyakumbuka, kisha akasomewa yaleyale tena, mpaka mara tano. Mara ya kwanza alikumbuka manne. Mara ya tano, saba. (Maneno yenyewe siyaandiki hapa, mtu akiyazoea kipimo kinaharibika.) Kisha akaambiwa ataje wanyama kwa sekunde 60. Akaanza haraka: ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, punda. Kimya. Akaangalia dirishani. Akasema paka. Akatulia tena, jasho likimtoka puani, na mimi nikawa natamani kumnong'oneza simba. Alimaliza na tisa. Mtoto niliyemlea mimi, aliyekuwa akitutajia ndege wa porini mpaka tunamwomba anyamaze! Pale ndipo neno mvivu lilipokufa kinywani mwangu, sijalitamka tena.

Kazi iliyomshinda zaidi ilikuwa ya kulinganisha alama na namba kwa sekunde 90. Hakukosea hata moja, ila alikwenda polepole mno. Mwanasaikolojia akatueleza kwamba ndivyo inavyokuwa kwa wengi: mwaka 2009 watafiti walikusanya tafiti 47 za watu waliougua saikosisi kwa mara ya kwanza, jumla wagonjwa 2,204, na pengo kubwa lilionekana kwenye kumbukumbu ya maneno na kasi ya akili. Yaani hayo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na aghalabu yapo hata kabla ya sauti kuanza. Dawa za ugonjwa huu, kama haloperidol au olanzapine, zinazima sauti, hiyo kasi haziirudishi.

Kuna jambo la lugha uliangalie. Kwenye zoezi la kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani, la Kiingereza halihamishiki hivihivi. Mpe Mswahili herufi K, atakumwagia kiti, kikombe, kijiko, kisu kwa sababu ya ngeli tu. Ukiona wanampima kwa Kiingereza wakati nyumbani anaongea Kiswahili, uliza.

Na uliza kuhusu benzhexol. Mdogo wangu aliandikiwa alipokakamaa shingo kwa haloperidol, kisha ikaendelea miezi na miezi bila mtu kuitazama. Dawa hiyo yenyewe inapunguza kumbukumbu. Daktari aliipunguza taratibu hadi ikaisha. Usimwachishe mwenyewe, tafadhali, bali mpelekee daktari swali hilo.

Baada ya miezi sita alipimwa tena, kwa orodha tofauti ya maneno ili asipate alama kwa mazoea. Mara ya tano alifika kumi. Wanyama kumi na nne. Kasi ilipanda kidogo sana. Hajarudi alivyokuwa, sikudanganyi. Aliahirisha mwaka chuoni, akarudi, na sasa anarekodi vipindi kwenye simu na kuvisikiliza jioni.

Wakati mnasubiri kliniki, anza daftari, kama nilivyofundishwa mimi. Andika tarehe, ulimtuma nini, alileta nini, alilala saa ngapi, dawa alimeza saa ngapi. Mwanasaikolojia wetu alilisoma daftari letu ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu mtu anaweza kujibu vizuri ofisini akapotea sokoni, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kukwambia ameshuka kiasi gani. Mwambie na mama asimtume vitu vitano kwa mpigo. Viwili, kwenye karatasi. Akirudi, viwili tena.