Barua kwa mwanangu: lipime lengo kwa mwezi mgumu

Kibaigwa, 2 Januari

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini kila mwaka unaandika malengo kwa ari, na ikifika Machi daftari limefungwa. Mwaka huu umeandika matatu: akiba ya shilingi milioni 3, ekari 5 za alizeti kule Chamwino, na kusoma uhasibu masaa mawili kila usiku. Sioni uvivu hapo. Naona malengo yaliyopimwa kwa mwezi mzuri, na huku kwetu Dodoma mwaka huanza na miezi migumu.

Tuanze na fedha. Milioni 3 kwa miezi 12 ni 250,000 kila mwezi. Mshahara wako ni 480,000. Kodi, chakula, nauli na ile unayomtumia mdogo wako ni 330,000. Inabaki 150,000. Sasa hiyo 250,000 itoke wapi? Tenga 50,000 ya dharura, maana ugonjwa haupigi hodi, ibaki 100,000. Tena Januari hadi Aprili kuna vibarua wa shamba, na chakula kinapanda bei kwa kuwa mavuno mapya bado. Toa 60,000 nyingine. Basi miezi hiyo minne weka 40,000, na kuanzia Mei weka 100,000. Kufikia Desemba una 960,000. Najua utaiona ndogo, lakini hii utaishika mkononi.

Itoe siku ileile mshahara unapoingia. Usiiache kwenye laini unayonunulia vocha. Ukiwa na deni la mkopo wa simu, litakatwa humohumo. Ukijiunga na VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, uliza kwanza kiwango cha chini cha hisa na kikundi kinavunja lini, yaani lini mnagawana fedha. Kwa 40,000 ya mwezi usivuke 8,000 kwa wiki, kwa sababu kuna miezi utakayokutana nayo yenye vikao vitano. Kiwango hicho ukiweze Februari, siyo Septemba tu.

Shamba ndilo linanipa wasiwasi zaidi. Ukipanda alizeti sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo, ekari 1 inabeba karibu miche 18,000. Ekari 5 ni miche 90,000, na wewe unafika shambani Jumapili tu! Palizi ya kwanza inatakiwa wiki ya pili au ya tatu baada ya mbegu kuota. Mvua ikikuzuia Jumapili moja, ukirudi utakuta magugu yamefunika miche. Hapo ndipo watu wanapotelekeza shamba zima, na hela ya trekta na mbegu imeshakwenda. Lima ekari 1, na hela ya palizi itengwe kabla hujanunua hata mbegu.

Masomo: dakika 30, siku nne kwa wiki, mara tu ukimaliza kula, simu ikiwa mbali. Ukikosa siku moja, usijilazimishe kusoma mara mbili kesho yake. Viporo vikirundikana, mtu hukiogopa kitabu chenyewe.

Jumapili ya mwisho ya kila mwezi andika mistari mitatu: nilichopanga, nilichofanya, kilichonizuia. Huo wa tatu uutaje waziwazi. "Nilimkopesha rafiki 30,000" inakusaidia. "Mwezi ulikuwa mbaya" haikusaidii kitu. Ukishindwa miezi miwili mfululizo, punguza lengo kwa theluthi uendelee, usilifute.

Ile 330,000 nimeichukua kwenye ujumbe wako, lakini sina hakika kama umehesabu yote. Kwa siku 14 andika kila shilingi inayotoka, hata ya vocha na ya chipsi za jioni. Ikizidi, nipigie tupange upya kabla mshahara wa Januari haujaingia.

Mama yako